Picha za Nyota Zilizaliwa Mjini: Columbia Heights na Darubini ya Uani

Wapenda anga wengi huamini kwamba atakaye picha za nyota sharti kwanza aukimbie mji. Apande mlima, aingie nyikani, au walau aendeshe gari mpaka taa za mwisho zimpotee nyuma. Kwa imani hiyo Columbia Heights ingekuwa mahali pabaya kabisa pa kusimamisha darubini. Mtaa huo wa Washington, D.C., uko juu ya ukingo wa kilima, kama kilomita tatu kaskazini mwa Ikulu ya Marekani. Nyumba zake nyingi zimejengwa ukuta kwa ukuta, uani ni kipande chembamba cha ardhi kinachoishia kichochoroni, na taa za Barabara ya 14 huwaka usiku kucha. Lakini ukiifuatilia historia ya sanaa hii hatua kwa hatua, unakuta imani hiyo imeegemea kipindi kimoja tu, tena kifupi. Picha za anga zilizaliwa mjini, katika nyua za watu ambao hawakuajiriwa kutazama nyota, na kilima hiki chenyewe kilikuwa na uhusiano na nyota kabla kamera haijabuniwa. Mkazi wa Columbia Heights anayetoa darubini ndogo uani jioni yuko mahali panapomstahili.

Mji huu ulichorwa kwa kutazama juu. Mwaka 1791, Andrew Ellicott alipopewa kazi ya kupima mipaka ya wilaya mpya ya makao makuu, alimchukua Benjamin Banneker, mkulima Mweusi huru kutoka Maryland, mtu wa karibu miaka 60 aliyejifunza falaki peke yake kwa vitabu na vyombo alivyoazimwa. Banneker hakuwa na cheo cha chuo wala ajira ya falaki, na bado ndiye aliyetunza saa ya vipimo katika kituo cha Jones Point, ambayo bila usahihi wake hesabu zote za nyota zingeharibika. Mwaka huohuo Ellicott alichora, kwa kuzifuata nyota, mstari halisi wa kaskazini-kusini kupitia mahali palipotengewa Bunge, na mitaa ya mji mpya ikapangwa kuufuata. Mwaka 1804, wakati wa urais wa Thomas Jefferson, mpimaji Nicholas King alipitisha mstari mwingine katikati ya Ikulu. Ukapanda kilima cha kaskazini, ukawekewa jiwe la alama, na kilima hicho hadi leo kinaitwa Meridian Hill. Barabara ya 16, ambayo ni mpaka wa magharibi wa Columbia Heights, inaufuata mstari huo. Kwa mpiga picha za nyota hii ni faida ya moja kwa moja, kwa sababu kabla hajafungua kamera lazima aelekeze mhimili wa kitako cha darubini kwenye ncha ya anga, jirani na Nyota ya Kaskazini, ambayo hapo husimama nyuzi 39 juu ya upeo. Akiuweka mhimili sambamba na barabara hiyo, nusu ya kazi alishafanyiwa na King.

Jina la mtaa nalo lilitokana na elimu. Mwaka 1821 Columbian College kilianzishwa kilimani hapo, nje ya mpaka wa mji wa wakati huo, na Seneta John Sherman alipogawa viwanja katika miaka ya 1880 jina la chuo likabaki kwenye ardhi. Chuo chenyewe kilihamia bondeni na leo ni Chuo Kikuu cha George Washington. Sherman alikuwa akiuza viwanja wakati ndoto ya Washington kuwa na mstari wake wa longitudo ilipokuwa inakaribia kufa. Sheria ya Bunge ya 1850 ilikuwa imeamuru wanafalaki wa Marekani wahesabu longitudo kuanzia kituo cha falaki cha jeshi la majini mjini hapo. Kisha, Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuchagua mstari mmoja wa dunia nzima, wakauchagua ule wa Greenwich. Mjumbe wa Marekani aliyeandaa na kuwasilisha maazimio ya mkutano huo alikuwa Lewis Morris Rutherfurd, na huyu anatugusa zaidi kuliko mwingine yeyote katika simulizi hii, kwa sababu alikuwa mpiga picha za nyota wa uani.

Rutherfurd alikuwa mwanasheria wa New York aliyeacha sheria. Mwaka 1856 alijenga chumba cha darubini katika bustani ya nyumba yake kwenye Second Avenue, huko Manhattan. Alipofunga kamera aligundua tatizo ambalo wataalamu wa vituo vikubwa walikuwa hawajalitatua. Sahani za kioo za kupigia picha za wakati huo zilihisi mwanga wa zambarau na buluu, lakini lenzi za darubini zilisagwa ili zikusanye vizuri mwanga wa manjano, ambao jicho la binadamu huupokea zaidi. Picha ikawa na ukungu hata pale jicho lilipoona nyota kama ncha ya sindano. Mwaka 1864 akakamilisha lenzi ya kipenyo cha sentimita 28 hivi iliyosahihishwa kwa ajili ya sahani peke yake, hata jicho halikuweza kuitumia. Picha zake za Mwezi zilisifiwa pande zote za dunia, na alipiga pia makundi ya nyota, likiwemo la Kilimia, ambalo wakulima wetu wamelitegemea tangu zamani kujua msimu. Sahani hizo aliwaachia Columbia College ya New York mwaka 1890, na baadaye zikapimwa upya kutafuta nafasi halisi ya kila nyota. Kwa hiyo jicho na kamera vilianza kutengana njia ndani ya bustani ya mjini, na tangu hapo mahitaji ya kimoja hayawezi kuchukuliwa kuwa ndiyo mahitaji ya kingine.

Hapa msomaji makini atapinga: miji ya wakati huo ilikuwa na giza. Taa ya gesi si kitu mbele ya taa za leo, hivyo mfano wa 1864 haumsaidii mtu wa sasa. Pingamizi hili lina nguvu, ila halifiki mbali kama linavyoonekana. Miji ya karne ya 19 ilikuwa na adui zake: moshi wa makaa, joto la mabomba ya paa, mtikisiko wa magari ya farasi. Andrew Ainslie Common, mhandisi aliyeishi Ealing pembezoni mwa London, alipiga mwaka 1883 picha ya wingu la gesi la Orion kutoka bustani yake kwa kioo cha kipenyo cha sentimita 91, akaiacha sahani wazi kwa muda uliozidi nusu saa. Picha ikaonyesha nyota ambazo hakuna jicho lililokuwa limeziona kupitia darubini yoyote. Alishinda kwa sababu sahani hukusanya. Jicho hupokea mwanga na kuuacha baada ya sehemu ndogo ya sekunde, na kukodoa kwa saa nzima hakuliongezei kitu. Sahani iliyoachwa wazi huweka akiba, mradi darubini iufuate mzunguko wa anga bila kuteleza. Ndiyo maana nasema hitaji la kwanza la kamera ni ufuataji thabiti, na giza linafuata nyuma yake.

Ni kweli kwamba baadaye wataalamu waliondoka mijini, tena Washington ina ushahidi wa hilo. Kituo cha jeshi la majini, ambako Asaph Hall aligundua miezi miwili ya Mirihi mwaka 1877, kilihamishwa mwaka 1893 kutoka kando ya mto Potomac, penye ukungu na malaria, kikapelekwa kilima kingine kaskazini-magharibi. Mji ukakifuata hadi huko. Mwaka 1955 kituo hicho kikafungua tawi Flagstaff, Arizona, chini ya anga jeusi, na James Christy alipoutambua mwezi wa Pluto mwaka 1978 akiwa Washington, sahani alizokuwa akizichunguza zilipigwa Arizona. Hicho ndicho kipindi kilichozaa imani niliyoanza nayo. Kilikuwa kipindi cha sahani na filamu, vitu ambavyo haviwezi kutenganisha mwanga wa nyota na mwanga wa taa vikishachanganyika: ukiiacha sahani wazi kwa saa moja mjini, inakuwa nyeusi yote. Kikomo kilikuwa cha kemia, na kemia ikaja kuachwa.

Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kihisi cha kielektroniki cha CCD, na vihisi vya namna hiyo vilipofikia mikono ya watu wa kawaida hesabu ilibadilika. Kihisi huandika mwanga kwa namba, na namba hujumlishwa na kutolewa. Badala ya sahani moja ya saa nzima, mpiga picha wa leo huchukua picha 100 fupi, programu ikazilinganisha nyota kwa nyota na kuzijumlisha. Mwanga wa nyota unaongezeka mara 100, chembechembe za bahati nasibu zinaongezeka mara 10 tu, na weupe wa anga la mji, kwa kuwa umetanda karibu sawasawa, unaweza kukadiriwa na kuondolewa. Bei ya mji inalipwa kwa muda: anga likiwa na mwanga mara 10 zaidi, mpiga picha anahitaji kama mara 10 ya muda ili apate picha yenye ubora uleule ya kitu hafifu. Mawingu ya gesi yana unafuu zaidi, maana hidrojeni yake hung'aa katika mstari mmoja mwembamba mwekundu wa nanomita 656, na kichujio kinachopitisha nanomita chache tu kandokando yake huziacha nje karibu taa zote za mtaa. Mwezi, Mshtarii na Zohali hazihitaji hata hilo, kwani zenyewe zinang'aa kuliko weupe wa anga.

Kuna vitu ambavyo hesabu hii haivirejeshi. Pembe hafifu za galaksi na vumbi jeusi la Njia Nyeupe hazina mstari mmoja wa rangi wa kuchujwa, na hapo mtu wa Columbia Heights anabaki nyuma ya mtu wa Turkana penye giza, hata awe na subira kiasi gani. Taa nyeupe za LED zimeongeza ugumu, kwa sababu taa za zamani za sodiamu zilijikusanya katika rangi ya manjano iliyochujika kwa urahisi, na LED hutawanya mwanga katika rangi zote. Lakini sikubaliani na wanaowalaumu wakazi kwa kupenda taa. Barabara ya 14 iliungua katika ghasia zilizofuata kuuawa kwa Martin Luther King mwezi Aprili 1968, viwanja vyake vingine vikakaa vitupu kwa miaka mingi hadi treni ya chini ya ardhi ilipofika mwaka 1999, na watu walioishi miaka hiyo wana haki ya kutaka njia yenye mwanga. Wanachopaswa kudai ni taa zilizofunikwa juu, zinazomulika miguu ya mpita njia. Mwanga unaopanda juu haumlindi mtu yeyote.

Pingamizi la pesa lina uzito zaidi kwangu. Rutherfurd na Common walikuwa na uwezo. Bustani ya Manhattan yenye darubini haikuwa ya kila mtu. Dawa yake ilianza kuonekana katika jiji hilihili la Washington. Vera Rubin alihamia hapo akiwa na miaka 10, mwaka 1938, akawa anatazama nyota zikizunguka kupitia dirisha la chumba cha kulala lililoelekea kaskazini. Kwa msaada wa baba yake alijenga darubini kwa bomba la karatasi ngumu lililokuwa limezungushiwa zulia la plastiki dukani, pamoja na lenzi ndogo ya kununua. Alitaka kupiga picha, lakini chombo hakikuweza kufuata anga. Hapo ndipo umaskini wa vifaa ulipouma kweli: lenzi ilipatikana, mtambo wa kufuata haukupatikana. Aliendelea mpaka akapata udaktari mwaka 1954 chini ya usimamizi wa George Gamow, profesa wa chuo kilichozaliwa Columbia Heights, na vipimo vyake vya mzunguko wa galaksi vikawa msingi wa hoja ya maada isiyoonekana. Mwaka 2023 iliingia sokoni darubini ya Seestar S50, yenye lenzi ya milimita 50, inayojielekeza, kufuata anga na kujumlisha picha yenyewe, kwa takriban dola 500. Kiasi hicho bado ni kikubwa kwa mpangaji wa chumba kimoja, ila kipo ndani ya uwezo wa maktaba ya mtaa, shule au kikundi cha majirani, na kitu ghali kilichomkwamisha binti yule sasa kimo ndani ya bei.

Wengine watauliza kuna haja gani ya kujisumbua ilhali darubini ya Hubble imeshapiga kila kitu kwa uzuri usiofikiwa. Swali hili linachukulia kwamba anga limesimama tuli. Hubble hutazama mahali ilipopangiwa na huondoka. Nyua ni nyingi na usiku wake ni mwingi. Septemba 2016, Víctor Buso, fundi wa kufuli katika mji mkubwa wa Rosario, Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini aliyoiweka juu ya paa la nyumba yake. Aliielekeza kwenye galaksi ya NGC 613 kwa sababu ilikuwa karibu na utosi usiku huo, akapiga mfululizo wa picha fupi ili weupe wa anga la mji usiziharibu. Katika picha za mwanzo hapakuwa na kitu ukingoni mwa galaksi. Katika zilizofuata kulikuwa na nukta iliyozidi kung'aa. Alikuwa amenasa dakika za kwanza za mlipuko wa nyota, wakati wimbi la mshtuko linapotoboa uso wake, jambo ambalo wataalamu walikuwa wamelisubiri kwa miaka mingi. Alitoa taarifa, darubini kubwa za Lick na Keck zikageuzwa kufuatilia, na Februari 2018 matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature, jina la Buso likiwa miongoni mwa waandishi.