Damu ya Omukago na Uboho wa Kupandikizwa

Uhaya ulijua kuvusha damu kutoka ukoo hadi ukoo zamani, kabla ya hospitali. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walipotaka kuwa ndugu walifanya omukago: walichanjwa karibu na kitovu, wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje na kumpa mwenzake ameze. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa na haki ya chakula na kimbilio kwa mwenzake.

Anayehitaji uboho naye hutafuta ndugu, ila ndugu huyu hapatikani kwa kiapo. Madaktari hulinganisha alama za HLA, zinazorithiwa kupitia kromosomu ya 6, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa; wakiwa watatu, uwezekano wa kumpata angalau mmoja ni kama asilimia 58. Ukoo wa Kihaya, pamoja na mwiko wake, hufuata baba; maabara huupa upande wa mama uzito uleule. Kundi la damu, ambalo wengi hudhani ndilo linaloamua, si kizuizi kikubwa. Mgonjwa wa kundi A anaweza kupewa uboho wa mtu wa kundi O, na ukishika, damu yake nayo itakuwa O. Dada aliyepewa uboho wa kaka yake hubeba chembe za damu zenye kromosomu Y. Undugu ambao omukago uliutangaza kwa kiapo, hapa huonekana kwa hadubini.

Hata hatari zinakaribiana. Iliaminika kwamba damu iliyomezwa ingemgeukia msaliti na kumvimbisha tumbo. Uboho mgeni nao unaweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa aliyeupokea. Lakini omukago uliadhibu kosa, ilhali seli hazimwadhibu mtu. Jambo hili nalisisitiza, kwa kuwa familia ikisikia "hamlingani" huanza kutafuta mkosaji. Hayupo.

Omukago ulidai watu wawili wanaojuana, kila mmoja mtoaji na mpokeaji. Daftari la watoaji hutaka mgeni kabisa, anayetoa bila kungoja chochote. La kwanza lilianzishwa London mwaka 1974 na Shirley Nolan kwa ajili ya mwanawe Anthony, aliyefariki 1979 bila kupata wa kulingana naye. Leo watoaji duniani wanazidi milioni 40, lakini Waafrika, wenye alama za aina nyingi mno, ni wachache humo. Marekani, Mweusi ana nafasi ya asilimia 29 ya kumpata anayelingana naye kikamilifu. Mzungu ana 79.

Kwa mzazi wa Bukoba, huko Uhaya, mwenye mtoto wa selimundu, ugonjwa ulioenea kanda ya ziwa, tegemeo la kwanza bado ni ndugu wa tumbo moja. Hospitali ya Muhimbili ilianza upandikizaji mwaka 2021 kwa kuwarudishia wagonjwa wa saratani seli zao wenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wa selimundu 2023. Kwingineko, dawa ya saiklofosfamaidi inayotolewa siku chache baada ya upandikizaji imewezesha hata mtoaji anayelingana nusu kutumika. Na nusu hiyo kila baba mzazi anayo, kila mama anayo.