Kambi Iliyogeuka Maktaba

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Thika, akishaziacha Githurai na Kahawa nyuma yake, hukutana na Membley kabla hajaingia mjini Ruiru: mtaa wa nyumba za mawe, kuta ndefu na malango ya chuma, uliostawi katika ukanda ambao zama za ukoloni ulikuwa wa mibuni na mikonge ya walowezi. Aghlabu watu huueleza ustawi huo kwa barabara, na barabara ina fungu lake. Walakini mimi naona kwamba taarikh ya mtaa huu haiwezi kutengwa na ya jirani yake wa Kahawa, yaani Chuo Kikuu cha Kenyatta na maktaba yake, kwani wanafunzi na waalimu waliotafuta maskani ndio waliowafunza wenye ardhi wa upande huu kwamba chumba chaweza kuzaa kuliko mbuni.

Amma vitabu vilichelewa kufika huku, ingawa fedha ya kuvinunua ilikuwapo zamani. William Northrup McMillan, Mmarekani mzaliwa wa St. Louis, alikuwa na shamba kubwa la Juja, si mbali na Ruiru, na huko ndiko alikomkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alipofariki mwaka 1925, mkewe Lucie aliazimia kumwekea kumbukumbu ya maktaba. Akaijenga, si Juja wala Ruiru, bali katikati ya Nairobi, ikafunguliwa mwaka 1931 na nguzo zake za mawe na simba wake mlangoni, kwa ajili ya wasomaji wa Kizungu peke yao. Kibarua aliyekata mkonge au kuchuma buni ukanda huu alingoja hadi siku za mwisho za ukoloni ndipo apate ruhusa ya kupanda ngazi zile.

Waliotangulia kujenga majengo makubwa Kahawa hawakuwa wanazuoni, bali wanajeshi. Waingereza, baada ya kupata fedheha ya Suez mwaka 1956, walitaka mahali pa kuweka askari wao wa akiba, wakaichagua Kenya kana kwamba utawala wao ungedumu vizazi na vizazi. Wakajenga kambi, wakaiita Templer kwa jina la jemadari Gerald Templer aliyeendesha vita vya Malaya. Kambi ilikuwa ingali mpya wakati mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1960 ulipoonyesha wazi kwamba uhuru u njiani. Bendera ilishuka Desemba 1963, majeshi yakaondoka, na mwaka 1965 serikali mpya ikakabidhiwa majengo hayo, ikayafanya Chuo cha Kenyatta, chenye kitengo cha elimu ya sekondari ya juu na kitengo cha kufunza waalimu. Sijui dola ipi nyingine iliyopoteza ngome kwa faida kubwa kama hii ya wenyeji.

Kupanda daraja kulikwenda polepole. Mwaka 1970 chuo kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1972 kikawapokea wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya ualimu. Mwaka 1978 kitivo cha elimu kikahamishiwa huko kutoka Nairobi. Na mwaka 1985 Bunge likakifanya chuo kikuu kamili. Maktaba yake ilipewa jina la Rais Moi, na baadaye, katika uongozi wa Profesa Olive Mugenda, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini, likainuka jengo jipya la ghorofa, refu hata likawa alama ya njia, ambamo maelfu ya wasomaji hupata nafasi kwa wakati mmoja.

Mwaka uo huo wa 1985, watafiti wa kahawa wa Ruiru walitoa mbegu iliyoitwa Ruiru 11, yenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, nayo ilifaulu. Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa kuhusu mgao wa kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na mkulima mwenye mibuni mizima isiyougua akagundua kwamba ugonjwa ulikuwa sokoni. Mashamba yakakatwa ploti. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012 ilikuta kazi hiyo imekwisha kuanza, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ikauonyesha mji wa Ruiru kuwa na watu zaidi ya 490,000.

Hata hivyo maktaba ya chuo ni ya watu wa chuo, na kijana wa Membley asiye na kitambulisho cha chuo huliona jengo lile kwa mbali tu. Kwa watu kama yeye Bunge lilipitisha sheria ya maktaba za taifa mwaka 1965, ule ule wa kukabidhiwa kambi. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikazitia maktaba katika majukumu ya serikali za kaunti, ndani ya kifungu kimoja na kamari na leseni za pombe. Atakayetembea Kamakis, huku huku Ruiru, jioni ya Ijumaa, penye nyama choma na muziki, hatahitaji mwanasheria wa kumwambia ni jambo lipi katika kifungu hicho lililotangulizwa.