Nani Alipe Sahani Iliyovunjika?

Mfanyakazi wa ndani akiangusha sahani, au kijana wa kituo cha mafuta akigonga pampu, mwisho wa mwezi mshahara hufika pungufu. Hakuna kesi, hakuna shahidi, mara nyingi hakuna hata risiti ya fundi. Wengi huona ni haki tupu, aliyeharibu alipe, tena wanaamini ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Historia ya Afrika Mashariki inasema vingine. Kulipa fidia ni jambo la kale kweli. Lakini mwajiri kuwa mshtaki, hakimu na mdai kwa wakati mmoja, kisha akajilipa kutoka kwenye ujira ambao bado ameushika mkononi, ni mazoea yaliyokomaa chini ya sheria za kazi za kikoloni.

Tuanze na pwani, ambako makadhi walihukumu kwa fiqhi ya Kishafii, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii. Fiqhi hiyo haikumwonea haya mharibifu: aliyeangamiza mali ya mwenzake aliilipa, hata kama hakukusudia. Aliyeua kwa bahati mbaya alidaiwa diya, yaani fidia ya damu, lakini mzigo huo uliwaangukia jamaa zake wa kuumeni, nao walipewa miaka 3 kuumaliza. Kwa mtu wa kuajiriwa hesabu ilikuwa nyingine. Alichokabidhiwa kilihesabiwa amana, na kikiharibika bila yeye kuzembea wala kuvuka mipaka, hasara ilikuwa ya mwenye mali. Na mdaiwa aliyebanwa na dhiki, Kurani inaamrisha apewe muda mpaka apate nafuu. Isidhaniwe kwamba pwani ilikuwa peponi. Utumwa ulifutwa Zanzibar mwaka 1897 tu, na pwani ya Kenya mwaka 1907, na mtumwa hakuwa na ujira wa kukatwa. Hata hivyo kanuni ilikuwepo na ilijulikana: kosa lithibitishwe kwanza, tena mbele ya mtu asiyekuwa mdai.

Mkoloni alikuja na kanuni tofauti na ile aliyoiacha kwao. Uingereza ilikuwa imeacha kumfunga mfanyakazi kwa kuvunja tu mkataba wa kazi tangu 1875, na mwaka 1896 Bunge lake likawawekea wenye viwanda mipaka: makato ya uharibifu yawe na masharti yaliyoandikwa, wala yasizidi hasara yenyewe. Miaka 10 baadaye, katika nchi ambayo leo ni Kenya, serikali hiyohiyo ilipitisha Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906, iliyofuata mfano wa Afrika Kusini na kukazwa zaidi mwaka 1910. Uzembe uliotia hasara mali ya bwana ukawa jinai, na adhabu yake faini au jela. Mpishi au mchungaji alikuwa na njia mbili, akubali kukatwa au apelekwe kwa hakimu wa Kizungu. Njia ya tatu, kuondoka, ilizibwa na kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Kuanzia 1919 na 1920 mwanamume Mwafrika alikibeba kikiwa na majina ya waajiri na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Asiyetiwa saini ya kuachishwa alihesabiwa mtoro, na utoro nao ulikuwa jinai. Wakati huohuo alidaiwa kodi ya kibanda, shilingi 12 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya miaka ya 1920, kiasi ambacho kwa vibarua wengi wa mashambani kilikula ujira wa takriban mwezi mzima. Kibarua wa namna hiyo hakuwa na nafasi ya kubishana kuhusu bei ya sahani. Kipande kilifutwa mwaka 1947, lakini mazoea ya kukata yakabaki majumbani, baadaye katika nyumba za Waafrika wenzetu pia.

Kuna watakaosema kwamba mwajiri wa leo naye si tajiri, na kwamba asiyelipa hajifunzi uangalifu. Hoja ya kwanza ina uzito. Mama lishe aliyevunjiwa sufuria na msaidizi wake ameumia kweli. Lakini faida ya kazi humwendea mwenye mali siku zote mambo yanapokwenda vizuri, na anayepokea faida ndiye anayefaa kubeba ajali zake za kawaida. Hoja ya pili inachanganya ajali na uzembe. Mkono uliojaa sabuni utateleza tu, ukatwe mshahara usikatwe.

Sheria zetu za leo zimelitambua hilo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu makato ya uharibifu pale tu mfanyakazi alipofanya makusudi, ingawa upungufu wa fedha kwa mtu aliyekabidhiwa fedha una kanuni yake. Tanzania, kwa sheria ya 2004, inataka kosa liwe la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na hesabu ya deni, mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Huko, mfanyakazi aliyekatwa bila karatasi yenye maelezo hayo aidai. Na mwajiri aliyekata bila kuitoa amevunja sheria, hata kama sahani ilivunjika kweli.