"Sikujiandaa Vizuri": Ukweli ama Kisingizio?

Watu wangu, bondia akipigwa, maneno huwa ni yale yale. Mazoezi yalikuwa ya wiki mbili tu, kambini hakukuwa na chakula, mkono ulikuwa unauma. "Sikujiandaa vizuri." Juzi hapa Kondele tulibishana juu ya hii maneno mpaka chai ikapoa. Jamaa mmoja wa boda akasema wote ni waongo. Mimi nikasema pole pole, wengine wanasema ukweli. Shida ni kwamba hatuna kipimo. Na historia inaweza kutupatia.

Tuanze nyumbani. Mtoto wa Kano gani hajasikia ya Lwanda Magere? Lwanda kwa Dholuo ni mwamba, na mkuki wa Wanandi haukupenya mwili wake. Basi Wanandi wakampa binti yao aolewe naye. Siku moja Lwanda akaugua, akamwambia yule bibi amchanje dawa kwenye kivuli, si mwilini. Akachanja, damu ikatoka. Usiku bibi akatoroka, akapeleka habari kwao. Vita iliyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli, Lwanda akaanguka, akageuka jiwe.

Sisi tunaisimulia kama hadithi ya usaliti. Yaani hatukushindwa, tulichomwa. Lakini isikilize tena kutoka upande wa pili wa mlima. Wanandi walijua nguvu peke yake haitoshi. Wakatafuta udhaifu, wakangoja, wakaupata, wakaupiga pale pale. Bana, hayo si ndiyo maandalizi? Kisingizio chetu kimebeba sifa ya mpinzani ndani yake, na tumekirithisha watoto bila kuiona.

Sasa chukua kesi yenye tarehe. Foreman na Ali walipaswa kupigana Kinshasa Septemba 1974, lakini Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Hilo dunia nzima ilijua kabla ya kengele. Ali akamwangusha raundi ya 8. Baada ya hapo ndipo tukaanza kusikia mengine: kamba za ulingo zililegezwa, refa alihesabu haraka, maji yalitiwa dawa. Miaka ikapita, Foreman mwenyewe akakubali kwamba Ali alimshinda tu. Kwa hivyo swali la kwanza: sababu ilijulikana kabla ya kengele, ama ilizaliwa baada ya kuanguka? La pili: kuna mtu mwingine aliyeiona?

Usifikirie lazima mtu awe mwongo. Robert Wangila alishinda dhahabu Seoul 1988, na mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya ndondi ya Kenya kwenye Olimpiki. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzalez raundi ya 9. Wangila akalalamika, bado anaweza. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo akazimia, na hakupona. Hakuwa anadanganya. Hakujua hali ya mwili wake mwenyewe. Mtu aliyetoka kupigwa sasa hivi ni shahidi mbaya, hata akiwa na moyo safi.

Halafu kuna Tokyo, 2021. Nick Okoth, Christine Ongare, Elizabeth Akinyi na Elly Ajowi, wote wanne walitoka pambano la kwanza. Ukisema Korona iliharibu mazoezi, ni kweli: michezo ilifungwa Kenya kuanzia Machi 2020, na kila mtu aliona. Maswali mawili ya kwanza umepita. Lakini kuna la tatu: mpinzani hakuwa na shida hiyo hiyo? Korona ilifika Cuba pia. Ajowi alikutana na Julio César La Cruz, bingwa wa Rio 2016, ambaye aliendelea mpaka akabeba dhahabu tena. Kabla ulaumu kambi, mpe La Cruz haki yake. Sababu inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe ndiyo iliyokuangusha.

Ila kati ya 1968 na 1988 mabondia wetu walileta medali 7 za Olimpiki. Tangu hapo, sufuri. Paris 2024 hatukupeleka bondia hata mmoja. Miaka zaidi ya 30 haiwezi kuwa mkono uliouma. Hapo "maandalizi mabaya" naamini kabisa, lakini anayepaswa kuulizwa si yule aliyevaa glavu. Ni wale wanaoshika bajeti na kalenda.

Mwisho, nijipime mwenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili na kila mtu nilimwambia ni karo. Karo ilikuwa shida, mamangu anajua. Lakini nilianza kuitaja lini? Baada ya kufeli mitihani minne. Na mwenzangu tuliyelala chumba kimoja, aliyekuwa na deni kubwa kuliko langu, alimaliza.

Sijasema nilidanganya. Nasema nilichagua kivuli cha kuonyesha watu.