Mzungu wa Kazi

Ukimtajia kijana wa mjini neno mmisionari, picha inayomjia ni ileile: mzee mwenye ndevu ndefu, Biblia mkononi, amesimama chini ya mwembe anahubiri. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kusoma habari za Alexander Mackay. Huyu bwana siku zake nyingi Afrika alizimaliza akiwa amekunja mikono ya shati, masizi usoni, anavukuta moto wa kufulia chuma.

Tuanze mwanzo. Mackay alizaliwa Scotland mwaka 1849, mtoto wa mchungaji. Akasomea uhandisi Edinburgh, kisha akaenda Berlin kufanya kazi ya kuchora mitambo. Maisha hayakuwa mabaya. Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London likachapa barua ya Stanley: Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu, lakini wasiwe watu wa maneno matupu, wawe watu wanaojua kazi za mikono. Chama cha kimisionari cha CMS kikakusanya watu wanane. Mackay, miaka 26, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Kabla hawajaondoka Aprili 1876, aliwaambia wakubwa wa chama kwamba pengine ndani ya miezi sita watasikia mmoja wao amekufa, na hapo wasikate tamaa bali watume mwingine. Hakuwa anatia chumvi. Kabla mwaka 1877 haujaisha, daktari wao alishakufa kwa ugonjwa na wenzao wawili walishauawa Ukerewe.

Yeye mwenyewe homa ilimrudisha pwani. Alipopona akapewa kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370. Ng'ombe wa kukokota mikokoteni wakafa kwa mbung'o. Alipofika ziwani mwaka 1878 akakuta mashua ya misheni imeharibika. Akaiziba, wakaanza safari, dhoruba ikawatupa ufukweni na kuivunja. Unajua walifanya nini? Waliikata kipande cha katikati, wakaunganisha mbele na nyuma, wakaendelea na safari na mashua fupi! Novemba 1878 akaingia Buganda.

Sasa hebu fikiria siku yake ya kawaida pale Natete. Asubuhi karakana: tanuri, nyundo, mashine ya kukerezea. Watu wanajazana kuangalia gurudumu linavyozunguka. Alichimba kisima akaweka pampu, watu wakashangaa maji yanapanda juu badala ya kushuka. Kuna siku za kushinda ikulu akingoja kuitwa. Jioni vijana wanakuja kujifunza kusoma. Wakamwita "Mzungu wa kazi".

Ndiyo, hayo ni maneno ya Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walishafika Buganda miaka mingi kabla yake, na Mutesa mwenyewe alikielewa Kiswahili. Mackay alianza kufundisha kwa lugha hii, kwa kutumia tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja, huku akijifunza Kiganda na kuchonga herufi ili achape kurasa kwa lugha ya wenyeji.

Lakini ufundi huo ulikuwa na mtego wake. Mutesa alichotamani zaidi ni bunduki na baruti, siyo mahubiri. Mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki, Mackay aliambiwa atengeneze jeneza. Siyo moja, matatu, moja ndani ya lingine, la kati la shaba, na la nje kubwa kama kijumba. Kazi ya kama mwezi mzima. Alikuja kuwafundisha watu uzima wa milele, akajikuta fundi wa majeneza ya ikulu!

Hapa ningeweza kuishia, tukacheka, tukaachana. Ila kuna sehemu ambayo sijaweza kuipita.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, mwanawe Mwanga akashika kiti akiwa bado kijana. Alizungukwa na habari za Wazungu wanaonyakua nchi za pwani, na nyumbani kwake vijana wa ikulu walikuwa wanamtii bwana mwingine. Januari 1885 wanafunzi watatu wa misheni walikamatwa: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Mackay na mwenzake waliwaombea, haikusaidia. Tarehe 31 wakachomwa moto. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni, wengine wengi wakachomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Siku hiyo hadi leo ni sikukuu ya taifa Uganda.

Mackay alikuwa hapo, hai. Aliweza kutishwa, kunyimwa chakula, kuzuiwa kusafiri. Lakini Julai 1887 Mwanga alipomchoka, alimfukuza. Alipanda mashua akavuka ziwa mpaka Usambiro, upande ambao leo ni Tanzania. Wale vijana hawakuwa na mashua. Nyumbani kwao ndiyo palikuwa hapo hapo.

Simwonei. Katika miaka 14 hakurudi kwao hata mara moja. Usambiro aliendelea kufua chuma na kutafsiri hadi malaria ilipomuua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Wala hakuwa malaika: alitamani Uingereza iingie Buganda, na mwaka 1894 ikatangaza himaya yake. Hofu ya Mwanga haikuwa ya kubuni, ingawa haimsafishi damu ile.

Ninachosema ni hiki. Kijana akienda ugenini kuhudumu, awe mmisionari wa jana au mtu wa kujitolea wa leo, tunapenda kuhesabu alichokiacha nyuma: kazi, wazazi, theluji ya kwao. Tuhesabu pia waliomwamini. Vijana wale walijifunza kusoma kwa mwanga wa taa ya mgeni, na taa ilipogeuka moto, wao ndio walioungua.

Majina yao ni matatu tu. Tusishindwe kuyakumbuka.