Damu Iliyohamia Kushoto

Kila mwanafunzi anayeletwa kwangu maabara kujifunza kusoma damu, namsimulia kwanza habari za Josef Arneth. Daktari huyu Mjerumani alitoa kitabu chake mwaka 1904. Alizikagua neutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu ya mtu mzima mwenye afya, akahesabu kiini cha kila moja kina mapande mangapi. Chembe changa kiini chake ni kizima. Inavyokomaa kinajikata, mapande mawili, matatu, hata matano. Akazipanga kwa safu, changa kushoto, pevu kulia. Wenye maambukizi makali, safu za kushoto zilifurika. Uboho ukizidiwa na mahitaji hutoa hata zisizokomaa, na mpaka leo tunasema damu imehamia kushoto.

Daktari mwenzake, Viktor Schilling, akaurahisisha mpango huo, kisha akasisitiza jambo ninalolithamini zaidi: soma damu siku baada ya siku. Katika maambukizi, kati ya chembe nyeupe, neutrofili hutangulia, monositi hufuata, limfositi huja mwisho. Eosinofili, zilizotoweka homa ilipopamba, zikionekana tena ni dalili njema.

Haya yote yanahitaji rangi. Ile tunayotumia ni ya Gustav Giemsa, mfamasia aliyefanya kazi katika koloni la Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki kati ya 1895 na 1898, kabla ya kuitengeneza Hamburg. Tone la mafuta, lenzi ya mia, na neutrofili ya mgonjwa wa sepsisi, maambukizi yanayoufanya mwili ujidhuru wenyewe, inajidhihirisha: punje nzito za rangi ya zambarau iliyokolea, vitundu vyeupe katikati yake, kiini kilichopinda kama kiatu cha farasi. Majibu ya kuotesha damu huchukua siku. Slaidi hii haimalizi saa moja. Madaktari wa Marekani walipoandika vigezo vya sepsisi mwaka 1992, chembe changa zaidi ya asilimia 10 zilikuwamo.

Lakini umbo halisemi yote. Wanasayansi Köhler na Milstein walipogundua mwaka 1975, huko Cambridge, namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, ikawezekana kutambua protini zilizo juu ya ngozi ya chembe. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris wakaanza kuzipa namba. CD4 tunaijua sote kwa sababu ya UKIMWI. CD64 ni kidogo sana kwenye neutrofili iliyotulia, ila bakteria wakiingia hupanda ndani ya saa chache.

Kilichonigusa zaidi kilitoka Berlin. Watafiti wa huko walionyesha kwamba monositi za baadhi ya wagonjwa wa sepsisi hupoteza HLA-DR, protini inayozisaidia kumtambulisha adui kwa chembe nyingine za kinga. Isiporudi, mgonjwa yuko hatarini zaidi kufa, hata kama homa imeshuka. Tulizoea kuogopa kinga iliyochachamaa. Kumbe iliyozimika nayo huua.

Mashine kubwa zilizoletwa kuhesabu CD4 zinaweza kusoma alama hizi, kingamwili zake zikipatikana. Tatizo ni muda: damu ya HLA-DR hutakiwa kuwekwa kwenye baridi na kupimwa ndani ya saa chache, la sivyo jibu linapotoka. Hivyo wodi nyingi usiku zinategemea slaidi. Nikiona chembe changa zimejaa, fomu ya majibu haisubiri asubuhi. Napiga simu wodini hapo hapo.