Ringi ndogo kikomo

Katika aljebra dhahania, ringi ndogo kikomo ya ringi R ni ringi S iliyomo ndani ya R, isiyo R yenyewe, ambayo kati yake na R haipenyi ringi nyingine. Ukiiongezea S memba mmoja tu wa R asiyekuwemo, kisha ukajumlisha, ukatoa na kuzidisha, utaipata R yote. Ringi zinazozungumzwa hapa zina 1, ringi ndogo hubaki na 1 hiyohiyo, na ab ni sawa na ba.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika sehemu za kawaida, Q. Chukua namba tasa 5, ukusanye sehemu zote ambazo zikirahisishwa asili yake haigawanyiki kwa 5. 2/3 imo, 7/12 imo, 3/10 haimo. Basi iingize 3/10. Izidishe kwa 4 upate 6/5; toa 1, inabaki 1/5. Hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe hutoa 1/25, 1/125 na kuendelea, na kwa kuwa asili zisizogawanyika kwa 5 zilikuwemo tangu mwanzo, hakuna sehemu iliyobaki nje. Kila namba tasa ina ringi yake ya namna hii, na Q haina kikomo kingine.

Kikomo si lazima kiwe kikubwa kuliko vingine. Fildi yenye memba 64 ina viwili: fildi ya memba 8 na ile ya memba 4.

Mwaka 1929 Wolfgang Krull alithibitisha kwamba kila ringi yenye 1, isipokuwa ringi ya sifuri, ina ideali kikomo. Ringi ndogo hazina dhamana hiyo, na hapo ndipo utamu wa somo hili ulipo. Namba kamili hazina hata kikomo kimoja, kwa sababu 1 peke yake huzizalisha zote. Tena kuna fildi zisizo nacho: panga fildi za memba 2, 4, 16, 256, kila moja ndani ya inayofuata bila mwisho, kisha uziunganishe. Kila ringi ndogo ya muungano huo, ukiuacha wenyewe, ni mojawapo ya ngazi hizo, na juu yake daima ipo nyingine.

Ferrand na Olivier walionesha mwaka 1970 kwamba, juu ya fildi K, hatua isiyogawanyika, yaani ile ya kutoka K iliyo kikomo hadi ringi yake, huchukua sura tatu tu. Namba za Gauss, a + bi, ambapo a na b ni namba kamili na mraba wa i ni -1, zinazo zote. Zikibakizwa zile ambazo b hugawanyika kwa namba tasa p, hupatikana kikomo; kisha hesabu ya masalio kwa p hutoa fildi ya memba 9 kwa p = 3, fildi mbili sambamba kwa p = 5, na kwa p = 2 memba 1 + i, asiye sifuri lakini ambaye mraba wake ni sifuri.